Siku ya Sungura Kunywa Maji

Wiki nne zimepita tangu nirudishe ufunguo wa kabati la dawa, na ninyi vijana wa ofisi ya mifugo mmeshanipigia simu mara tatu kuuliza kabati hilo linafunguliwaje likikwama. Jibu ni lile lile: linyanyue kidogo, kisha lisukume kwa goti. Katika simu ya tatu mmoja wenu aliniuliza, kwa haya, kama ningeweza kuwaandikia mambo ninayoyakumbuka ambayo hayamo vitabuni. Nikasema nitajaribu. Asubuhi zangu hazina kazi siku hizi, na nyumba imekuwa kimya kuliko nilivyotarajia.

Najua mnangoja habari za ngamia na za safari za chanjo kule Merti. Nitawaudhi. Nataka kuandika juu ya sungura, tena sungura mdogo wa kutosha ndani ya kofia, kwa sababu ndiye aliyenifundisha upya jambo nililofundishwa nilipoanza kazi, nikaja kulisahau.

Siku ya kwanza nilifika Isiolo kutoka Meru nimevaa viatu vyeupe. Aliyenipokea alikuwa Mzee Jattani, msaidizi wa afya ya mifugo aliyeanza kazi kabla mimi sijazaliwa. Aliviangalia viatu vyangu, akanipa kipimajoto cha ng'ombe kilichofungwa uzi, na kwenye ncha ya uzi kibanio cha kuanikia nguo.

"Kibanio kinashika nywele ya mkia," akasema. "Bila kibanio, ng'ombe inameza kipimajoto kwa nyuma, halafu ofisi inakuuliza imeenda wapi."

Nilicheka nikidhani ni utani. Kabla ya saa sita nilikuwa nimesahau kibanio, na kipimajoto cha serikali kilikuwa ndani ya ng'ombe wa watu. Mzee alikunja mkono wa shati, akakitoa mwenyewe, akakiosha, akanirudishia. Hakunisema siku hiyo wala siku nyingine, na hilo liliniuma kuliko angenifokea. Viatu niliviacha kwa jirani, hata sikumbuki vilikoishia.

Wiki hiyo hiyo tulikwenda upande wa Biliqo, kwenye boma ambalo mbuzi walikuwa wakikohoa. Nilitangulia na daftari. Nikamuuliza mwenye mbuzi kama amewapa dawa. Akasema ndiyo. Wanakula? Ndiyo. Wagonjwa amewatenga? Ndiyo. Niliandika ndiyo tatu, nikafunga daftari. Mzee Jattani alifika polepole, akageuza jerikeni tupu, akaikalia, akapokea chai, kisha akamwambia yule bwana, "Sasa nieleze jana. Umeamka, halafu?"

Yule bwana alieleza karibu saa nzima. Alipofika katikati ikabainika kwamba dawa ilitolewa kweli, ila walipewa mbuzi wazima, maana wao ndio waliokuja mbele; wagonjwa walikuwa wamelala nyuma ya kichaka, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwafuata kwenye jua lile. Tulipokuwa tukirudi kwenye gari, Mzee aliniambia, "Mtu ukimuuliza kama amefanya, atakuambia ndiyo. Si mwongo. Ni heshima, umetoka mbali. Wewe omba siku yake yote. Shida iko ndani ya siku."

Nilifanya kazi hivyo kwa miaka mingi. Nilikalia jerikeni nyingi, nikanywa chai ambayo daktari wangu wa sukari hataki kuisikia. Mzee Jattani alistaafu, kisha akatutoka, Mungu amrehemu, na nikawa mimi ndiye mzee wa ofisi. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuharibika. Mtu akishaitwa mzee wa ofisi huanza kudhani amesikia kila jibu.

Sungura walikuja mjini kidogo kidogo. Walimu na makarani kutoka Meru na Nyeri walikuja nao kwenye makatoni, majirani wakaona, watoto wakalia wakiwataka. Kufikia miaka yangu ya mwisho haikupita wiki bila mtu kuingia ofisini na kitu kinachotetemeka ndani ya sweta. Wengi walikuwa wameuzwa wakiwa wadogo mno, hawajafikisha hata miezi miwili, wangali wanamhitaji mama. Muuzaji husema "ni wa aina ndogo." Sungura huyo si wa aina ndogo, ni mtoto.

Basi niliwafundisha wafugaji wapya mambo yale yale, hadi ningeweza kuyasema nikiwa nimelala. Usimnyanyue kwa masikio. Mkono mmoja kifuani, mwingine ushike matako, maana akirusha teke hewani anaweza kujivunja mgongo mwenyewe. Nyasi kavu ndiyo chakula, sukuma wiki ni kitoweo, na kabichi mwachie jirani. Ukimbadilishia chakula badilisha polepole, wiki nzima, la sivyo atahara na hatakaa siku mbili. Kizimba kiinuliwe juu, siafu na nguchiro wasifike, na sakafu isiwe waya mtupu unaomchubua nyayo. Ukimwona anakula kinyesi chake kile laini cha alfajiri, mwache, anajua anachofanya. Mama mmoja msafi sana alikuwa akimnyang'anya, hadi mnyama akakonda. Dawa ya kupe ya mbuzi usimpake, na dawa ya kuua vijidudu iliyobaki nyumbani usimnyweshe, kwa kuwa itaua na wale wema walio tumboni mwake, naye atawafuata. Na joto letu hili humuua haraka kuliko paka. Mtafutie kivuli, umfunikie kizimba kwa gunia bichi saa za mchana.

Mtaona nimesema kila kitu. Hivyo ndivyo nilivyojiona nami, siku aliyoingia Mzee Halake.

Halake alikuwa mfugaji wa Biliqo. Ukame uliwamaliza ng'ombe wake wote, mbuzi wakafuata, naye akaja kukaa kwa binti yake Tume, aliyepanga vyumba viwili kwenye ploti Bulla Pesa na kuuza maziwa ya ngamia sokoni. Tume aliniambia baadaye kwamba miezi ya kwanza baba yake alikuwa akirudi kutoka msikitini, anakaa kwenye kiti, anatazama ukuta. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa na mifugo ya kuhesabu jioni inaporudi bomani, hilo tu. Binti akamwona mwalimu jirani na sungura, akamnunulia baba mmoja.

"Nilicheka," Halake mwenyewe aliniambia. "Nikamuuliza, hii ni kitu ya kufuga ama ya kukimbizwa na mbwa?"

Lakini siku ya tatu alikuwa ofisini kwangu, kanzu safi, sungura ndani ya kilemba.

"Salaam aleikum, daktari." Isiolo kila mwenye sindano ni daktari, sijawahi kukataa. "Nimepewa huyu. Nataka kujua kazi yake."

Nilimtazama sungura meno, masikio, tumbo. Alikuwa mdogo lakini mzima. Nikatoa hotuba yangu yote, Halake akisikiliza kama anayepewa ushuhuda wa mahakama. Kisha nikauliza maswali, kalamu mkononi, foleni ikiwa imefika mlangoni.

"Anakula?"

"Anakula."

"Maji anapata?"

"Anapata."

"Kinyesi?"

"Kavu. Ngumu, nzuri, kama ya mbuzi."

Nilifurahi kumpata mtu anayejua kutazama kinyesi. Niliandika yote. Siku ya tano sungura alikufa.

Alikuja kuniambia mwenyewe, bila lawama. Nikasema huenda aliachishwa ziwa mapema, jambo ambalo lingeweza kuwa kweli, na nikamshauri apate mwingine mkubwa kidogo. Tume alimletea wa pili, jike jeupe, ambaye Halake alimwita Adi, yaani mweupe, kama alivyokuwa akiwaita ng'ombe wake kwa rangi zao. Wiki mbili baadaye Tume alisimama mlangoni pangu, mtungi wa maziwa bado mkononi.

"Daktari, hii ya pili pia imelala. Abba amesema ikienda, nisimletee tena kitu yenye roho. Anasema ni mkono yake. Ati kila kitu akishika inakufa, ng'ombe, mbuzi, sasa hata hii ya watoto." Akaweka mtungi chini. "Mimi siogopi juu ya sungura. Naogopa juu yake. Jana hakula."

Niliiacha foleni. Hilo ndilo jambo moja nililofanya sawa katika habari hii.

Halake alikuwa amekaa chini kando ya kizimba, kofia magotini. Nilikagua kizimba nikitafuta kosa, na nawaambia ukweli, sijawahi kuona kizimba kizuri namna ile. Alikuwa amekijenga kwa fito, kimeinuliwa, miguu yake imesimamishwa ndani ya makopo ya mafuta machafu siafu wasipande. Nyasi kavu safi. Gunia bichi juu. Kila nilichosema kilikuwepo. Adi alikuwa amejikunja pembeni, macho nusu wazi, na nilipombana ngozi ya mgongo ilikawia kurudi. Chini yake palikuwa na vipunje vitatu vya kinyesi, vidogo, vyeusi, vigumu kama pilipili manga.

Sikuwa na wazo. Niliona aibu, kwa sababu yule mzee alikuwa akinitazama usoni kama mtu anayengoja kuambiwa kwamba kweli amelaaniwa. Nikatafuta pa kukaa. Palikuwa na jerikeni tupu karibu na mlango. Niliigeuza, nikaikalia, na nilipokwisha kukaa nikamkumbuka Mzee Jattani, jinsi alivyokuwa akisubiri chai kabla ya kusema chochote.

"Mzee Halake," nikasema, "nieleze jana. Umeamka, halafu?"

Akaeleza. Aliamka kwa adhana, akaswali, akaja hapa kumsikiliza akipumua. Akaenda mtoni kukata nyasi, kabla jua halijakuwa kali, akachagua zile laini. Akarudi, akazikausha kivulini. Akafagia. Akalowesha gunia. Saa nne akamtoa nje kidogo anyooshe miguu, yeye mwenyewe amesimama juu yake kumkinga na mwewe. Adhuhuri akaswali. Akalowesha gunia tena. Akamshika tumbo. Jioni akampa majani mawili ya sukuma, akamfunga. Alinieleza siku nzima bila kuruka kitu, na ndani ya siku hiyo yote sungura hakuwa amekunywa.

"Na maji?" nikauliza.

"Jana haikuwa siku yake ya maji."

Alilisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesema jana haikuwa Ijumaa.

"Siku yake ni ipi?"

"Anakunywa leo, anapumzika kesho na kesho kutwa. Halafu tena. Kwa ng'ombe kiangazi ni hivyo. Huyu ni mdogo, nilianza kumfundisha mapema." Akaona uso wangu, akaendelea haraka. "Daktari, mnyama ikizoea maji kila siku, ukame ikikuja inakufa ya kwanza. Nimeona. Zile zilifundishwa kiu ndizo zilibaki mwisho. Nilitaka huyu abaki."

Kinyesi kikavu, kigumu, kizuri kama cha mbuzi. Aliniambia siku ya kwanza, nami nikaandika. Kwa mbuzi wake ilikuwa dalili ya afya, kwa sungura ilikuwa kilio, na kazi ya kujua tofauti ilikuwa yangu, si yake. Niliuliza kama anapata maji. Alikuwa akipata. Kosa hili asingelifanya mtu wa mjini asiyejua mifugo. Lilihitaji mtu aliyejua sana, na aliyependa sana.

Tulianza kazi. Tume alikuwa ameshachota kikombe cha maziwa ya ngamia, kwa kuwa Isiolo maziwa hayo hutibu kila kitu, kuanzia tumbo hadi kesi mahakamani. Nikamwomba amnyweshe baba yake. Kwa sungura nilichukua bomba la sindano lisilo na sindano, maji safi yenye sukari na chumvi kidogo sana, nikaliingiza upande wa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, tone baada ya tone asije akapaliwa. Nilimwonyesha Halake mara mbili, kisha nikampa. Mikono yake ilikuwa mikubwa, yenye makovu ya kamba za kisima, na haikutetemeka. Tulilowesha nyasi, tukamkanda tumbo kwa vidole viwili. Tulifanya hivyo mpaka alasiri, tukizungumza kidogo.

Katikati ya hayo aliniuliza, macho yake bado kwa sungura, "Basi yule wa kwanza nilimuua mimi."

Ningeweza kumwambia hapana. Ningeweza kurudia ile hadithi ya kuachishwa ziwa mapema. Nilisema, "Alikufa kwa kiu, Mzee. Wewe hukuwa umefuga sungura. Mimi nilitakiwa kuuliza vizuri, sikuuliza. Tulimuua wawili."

Alimpa sungura tone jingine, kisha jingine, nami nikaogopa kwamba nimemvunja kabisa. Kisha akasema, "Afadhali."

"Afadhali vipi?"

"Kosa naweza kuacha. Mkono ningeacha wapi?"

Nililia kidogo njiani nikirudi ofisini. Siwaambii kwa majivuno wala kwa aibu. Jioni nilifungua daftari, mahali palipoandikwa habari za yule sungura wa kwanza, nikaongeza kwa kalamu nyekundu: mhudumu hakuuliza maji yanatolewa lini. Mtalikuta mkilitafuta.

Asubuhi iliyofuata, kabla sijakaa, Halake alikuwa mlangoni na kipande cha gazeti kilichokunjwa. Alikiweka mezani, juu ya fomu za likizo, akakifungua taratibu. Ndani mlikuwa na kinyesi cha sungura, cha mviringo, kikubwa, chenye nyuzi za nyasi.

"Saba," akasema.

Nilihesabu. Vilikuwa vipunje saba. Katika miaka yangu yote hakuna aliyewahi kuniletea zawadi ofisini ikanifurahisha hivyo, na ilinibidi kubadilisha fomu za likizo.

Tangu siku ile Adi ana bakuli zito la udongo lisilopinduka, na maji ndani yake saa zote. Halake alikubali, ingawa kwa miezi kadhaa kila alipoliona limejaa alitikisa kichwa kama mtu anayeona watoto wakidekezwa. Watu wa ploti wakaanza kumletea sungura wao kabla ya kuja kwangu, na mwalimu yule jirani aliniambia sasa mashauri yanaanzia pale. Nilipita siku moja nikamkuta na mama kijana mwenye sungura kwenye beseni. Hakumuuliza chochote kuhusu sungura. Alikuwa akimwambia, "Nieleze jana."

Ninyi mtapewa fomu mpya zenye visanduku vya ndiyo na hapana. Zijazeni, serikali inazipenda. Lakini mkishajaza, kaeni chini.

Juzi nilipita Bulla Pesa. Nilijiambia nakwenda kumwona Adi, ambaye sasa ana watoto sita; kusema kweli nilikuwa nimechoka kusikia saa ya ukutani. Halake alikuwa kando ya kizimba. Alinitazama nikija tangu kwenye lango, kama wanavyotazama wafugaji, miguu kwanza, kisha mbavu, uso mwisho.

"Nagaa, daktari?" akaniamkia, yaani ni amani?

"Nagaa, Mzee. Sasa si daktari tena, nimestaafu."

"Kustaafu uko sawa?"

"Niko sawa."

"Umekula?"

"Nimekula."

Alitikisa kichwa, akamrudishia Adi jani lililoanguka. Kisha, bila kunigeukia, akauliza, "Lini?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikaona kwamba ningelazimika kuhesabu nyuma. Halake alimwita Tume alete chai na chochote kilichokuwa jikoni. Akavuta jerikeni tupu, akaigeuza, akaipangusa vumbi kwa kiganja, ila hakuikalia yeye. Alinisogezea mimi, akangoja nikae.

"Haya," akasema. "Nieleze jana. Umeamka, halafu?"